Nyumba ya Mawe ya Msingi

Usijifanye hukuona. Ulipita pale. Mawe yalikuwa mkono wako wa kushoto ukiwa unakwenda mjini, meupe, yamesimama safu kwa safu, kila moja na maandishi yake. Ukadhani ni makaburi. Ukanong'ona dua nusu, ukapandisha kioo kwa sababu ya vumbi, ukageuza uso upande wa pili ambako kuna tangazo la sabuni. Laiti ungesoma jiwe moja tu. Makaburini huandikwa jina la aliyelala chini. Pale yaliandikwa majina ya watu wazima wenye afya njema, wanaokula wakashiba, na chini ya mawe yao hakulala mtu. Chini yake kulikuwa na sakafu ya nyumba ya Bi Mwasiti.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ni nchi ya amani. Kila mtu anasema hivyo, hasa wale wenye walinzi. Ina Mtukufu mmoja, mawaziri wengi, na halmashauri kila wilaya, ambazo kazi yake ni kusogeza maendeleo karibu na wananchi. Na kweli huyasogeza. Wananchi huyaona kabisa yakipita na ving'ora.

Bi Mwasiti alikuwa mpishi wa shughuli, mtaa wa Kichangani. Hakuna aliyeoa, aliyeolewa wala aliyefiwa mtaani pale bila masufuria yake kupanda mafiga. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati ya kutu, vyumba viwili na jiko la uani. Tusidanganyane, ilikuwa mbaya. Lakini mlango wake ulifungika kwa ndani, na mtu aliyewahi kulala mahali pasipofungika kwa ndani anajua hilo si jambo dogo.

Katika ua huo ndimo alimofikia Kassian Kapalata, zamani hizo, peku, ana mfuko wa rambo na kikohozi. Alikuwa akiuza karanga stendi. Bi Mwasiti alimpa mkeka jikoni, akamkandia kifua kwa mafuta ya moto, akamlisha ukoko wa pilau za watu mpaka mashavu yakajaa. Hakuuliza kabila wala dini. Alipokuja kugombea udiwani, mama huyo akapika kampeni nzima kwa kuni zake mwenyewe. Siku ya kuapishwa, Mheshimiwa Diwani alimwita jukwaani, akamshika mkono, akauambia umati, "Huyu ndiye mlango nilioingilia duniani mara ya pili." Watu walilia. Na wewe ulikuwepo, ulilia.

*

Alirudi mtaani siku moja na gari la halmashauri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kasi. Leo na gari. Umeleta nini?"

"Nimeleta neema, mama."

"Itulize hapo nje kwanza, ndani kuna moshi."

Akacheka, akaketi juu ya kinu kama zamani, akaeleza. Mradi wa Makazi Nafuu ya Wananchi. Halmashauri itajenga hapa hapa Kichangani nyumba za matofali, zenye vigae, maji ndani, choo cha kuvuta. Kila atakayepisha atarudi. Tatizo ni moja tu, watu ni wagumu. Wanasema mpaka waone.

"Ukivunja wewe, mama, watavunja wote. Wewe ndiye unawalisha."

"Nivunje nyumba yangu kwa mkono wangu?"

"Kwa jembe, mama. Kwa mkono utaumia."

Jirani yake, Mzee Chilumba, mstaafu wa reli, alikuwa kaegemea ukuta anasikiliza. "Kassian," akasema, "mimi nimelitumikia shirika ujana wangu wote. Hatukuwahi kuondosha treni kwanza, halafu ndiyo tukatandike reli."

"Hayo mambo ya zamani, mzee. Siku hizi vinakwenda sambamba."

"Vikienda sambamba, abiria anakaa wapi?"

Diwani akacheka tena, akamgeukia mama yake. Na Bi Mwasiti akaitazama sura ya yule aliyemkandia kifua, akaona hakuna namna sura ile imdanganye. Akauchomoa mlango wake kwenye bawaba, kwa sababu ulikuwa mlango wa mninga na aliununua mwenyewe, akauegemeza pembeni. Kisha akachukua jembe, akaupiga ukuta. Wanawake wakapiga vigelegele. Hadi jua linapinda, Kichangani yote ilikuwa kifusi, na mabati ya kila mtu yamepakiwa kwenye lori la halmashauri kwa uhifadhi. Yamehifadhiwa vizuri sana, hayanyeshewi wala hayapati kutu zaidi. Yameezeka banda la kuku wa kisasa la Mkurugenzi.

Mzee Chilumba alikuwa wa mwisho kuvunja. Kabla ya pigo la kwanza alimwita Bi Mwasiti.

"Dada, tuelewane. Navunja kwa sababu umevunja wewe. Kwa ajili ya huyu mwenye gari, nisingeng'oa hata msumari."

"Nimekuelewa, kaka," akasema Bi Mwasiti.

Neno hilo likakaa kifuani mwake. Halikutoka tena.

*

Watu wakapelekwa kwenye banda la mnada wa ng'ombe, nje kidogo ya mji, ambalo lilibandikwa kibao kipya: MAKAZI YA MPITO. Lilikuwa na paa bila kuta. Kila Alhamisi, siku ya mnada, wakazi walikunja mikeka asubuhi wakawapisha wenye banda, jioni wakafagia mavi, wakatandika. Afisa Mifugo alikuja kukagua hali ya afya. Alipima, alichungulia, akaandika kwa masikitiko kwamba ng'ombe wako katika hatari ya kuambukizwa na watu.

Bi Mwasiti alilalia ule mlango wake, kaulaza juu ya magogo. Alikuwa na uhakika na Kasi. Mtu akilalamika alimwambia, "Ngojeni kikao."

Na kikao kikakaa. Akaitwa kupika, maana halmashauri hailali njaa. Ndivyo alivyopata kusikia, akipita na sinia, jinsi nyumba za wananchi zinavyotafutiwa fedha.

Mkurugenzi alikuwa Daktari Daktari Fumbuka. Alikuwa na udaktari mara mbili na ukimwita Daktari mara moja tu alikuwa haitiki. Akafungua kikao: "Waheshimiwa, tumekamilisha upembuzi yakinifu, tumeingia usanifu wa kina, na sasa tuko katika mchakato wa kuuelekea mchakato. Mweka Hazina, mapato ya ndani yakoje?"

"Yamekwisha, Daktari Daktari."

"Yamekwendaje?"

"Yameandaa kikao hiki cha kujadili mapato ya ndani."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa heshima. Diwani mmoja mgeni akapendekeza halmashauri iuze hatifungani, yaani ikope kwa wananchi wenye vijisenti, iwalipe baadaye. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole wananchi anaowasema ni wepi. Yule akaonyesha upande wa mnadani. Wakacheka wote, mpaka aliyesema akacheka.

Ndipo Mheshimiwa Kapalata akasimama. Alikuwa ameisoma kanuni. Serikali kuu, alisema, hutoa fungu kwa mradi ambao umeshaanza. Na mradi umeanza, kwa mujibu wa kanuni, pale tu unapowekewa jiwe la msingi na kiongozi. "Jiwe moja, waheshimiwa, fungu moja."

Jiwe likawekwa. Fungu likaja. Halikuchelewa hata kidogo, tusiionee serikali. Likalipia turubai, viti vya plastiki, fulana na kofia, kikundi cha ngoma, mafuta ya magari ya wageni, na pilau. Kilichobaki kikawa posho ya kuwatoa uchovu waheshimiwa waliosimama juani. Tofali hata moja halikupatikana humo. Kikao kikakaa tena kwa huzuni, na Mheshimiwa Kapalata akasimama tena.

"Nimeisoma kanuni mpaka mwisho," akasema. "Haisemi popote kwamba mradi usiwekewe jiwe la pili."

Kikao kile kile kikalimaliza na suala la bei. Mwenyekiti aliuliza nyumba nafuu maana yake nini. Daktari Daktari akasema ni nyumba anayoimudu mtu wa kawaida.

"Nani hapa ni mtu wa kawaida?" akauliza Mwenyekiti.

Waheshimiwa wote wakanyoosha mikono.

"Nani ataimudu bei iliyopendekezwa?"

Wakanyoosha wote.

"Basi ni nafuu. Imepita."

Bi Mwasiti hakunyoosha. Mikono yake ilikuwa imebeba sinia.

*

Mawe yakaota Kichangani kama uyoga wa masika. Naibu Waziri aliweka lake, dogo, kama mto wa kulalia. Waziri akasikia, akaja na lililo kama meza. Mke wa Waziri akaweka la umbo la moyo. Mkuu wa majeshi, wakimbiza Kijiti cha Taifa, balozi wa nchi iliyofadhili kamba za turubai, wote wakaweka. Mwisho akaja Mtukufu mwenyewe. Jiwe lake lilikuja kwa trela, refu kama mwamba wa daraja, limechongwa jina na vyeo vyake vyote, na lilisimikwa pale palipoonekana vizuri kutoka barabarani. Palikuwa jikoni kwa Bi Mwasiti.

Kila jiwe lilikuja na sherehe, na kila sherehe ilihitaji mnufaika wa mfano. Mheshimiwa Kapalata hakuwa na mwingine zaidi ya mama yake. Bi Mwasiti alipika tangu alfajiri, akaoga haraka, akavishwa kanga ya mradi, akasimamishwa mbele ya kamera na kukabidhiwa ufunguo wa mbao mrefu kama mchi, uliovishwa karatasi ya dhahabu. Alipiga kigelegele. Picha ikatoka. Kisha afisa mmoja aliuchukua ule ufunguo kistaarabu, kwa kuwa ulikuwa mali ya halmashauri na ulitakiwa wilaya jirani saa nane.

"Mama, awamu hii ndiyo yenyewe," Kasi alimwambia kila mara.

Bandani watu wakaanza kumtazama vingine. Walimwona kwenye gazeti lililofungia maandazi, anacheka, kashika ufunguo. Wakaanza kumwita Mama Ufunguo. Mwanzo kwa utani, baadaye si kwa utani. Alipokaribia kundi, kundi lilinyamaza. Mwanamke aliyempikia harusi yake alimuuliza, mbele za watu, "Mama Ufunguo, sisi tuliovunja kwa ajili yako, na sisi watatupiga picha lini?"

Siku ile aliondoka, akaenda kukaa juu ya mlango wake.

Mzee Chilumba peke yake ndiye hakubadilika. Alikuja akajikalia kwenye ncha ya mlango, anakohoa.

"Fadhila za punda ni mateke," Bi Mwasiti akasema.

"Usimtukane punda, dada," akasema mzee. "Punda hubeba kwanza."

*

Mvua ziliingia bandani kutoka pande zote, maana pande zote hapakuwa na ukuta. Kikohozi cha Mzee Chilumba kikashuka kifuani kikakaa. Bi Mwasiti alimkandia kwa mafuta ya moto kama alivyomkandia yule mwingine, ila safari hii hakukuwa na nyumba ya kulitunza joto.

"Dada," mzee akasema jioni moja. "Umesikia mimi nadai kitu?"

"Hujadai, kaka."

"Sasa nadai. Maiti ya mtu hutolewa mlangoni kwake. Ng'ombe ndiye hutolewa bandani. Nilivunja kwa ajili yako. Usinitoe hapa."

"Hutatolewa hapa," akasema Bi Mwasiti.

Akafa baada ya adhana ya alfajiri, siku ya Alhamisi. Jua halijachomoza vizuri, msimamizi wa mnada amefika, anaomba radhi sana, anasema msiba ni wa wote, lakini ng'ombe wako njiani, na marehemu kalala kwenye njia yao.

Bi Mwasiti alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya diwani. Akamkuta.

"Pole sana, mama. Marehemu alikuwa mdau muhimu."

"Nataka chumba kimoja, Kasi. Hadi alasiri. Hata stoo. Nimwoshee humo, nimtolee humo."

"Mama, nyumba zipo."

"Wapi?"

"Kwenye mchakato."

"Nitolee maiti kwenye mchakato?"

Diwani alitazama kalamu yake. Ofisi ile ilikuwa na vyumba vingi, na kimoja kilikuwa kimejaa fulana. "Nikikupa wewe, kesho watakuja wote," akasema. "Lakini halmashauri haiwezi kukuacha hivi hivi. Nitakupa turubai. Na mama, Jumamosi usisahau, kuna jiwe la awamu mpya. Ufunguo umesharudi."

Akachukua turubai. Akalitia kichwani, akatoka, hakusema kwaheri. Tangu amlaze mvulana yule jikoni, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwacha bila kumwombea.

*

Alipofika Kichangani aliwakuta wanaume wamemleta marehemu juu ya ule mlango, wamemwepusha na ng'ombe, wamesimama katikati ya mawe, hawajui wamtue wapi. Hata waliomwita Mama Ufunguo walikuwepo. Walimtazama.

Akasimama palipokuwa jiko lake. Mbele yake jiwe la Mtukufu. Akalizunguka, akaligonga kwa kiganja kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Hili zuri," akasema. "Litatosha juu ya mlango. Shikeni huku."

"Bi Mwasiti, hilo ni la Mtukufu."

"Limesimama jikoni kwangu. Mgeni akisimama jikoni hupewa kazi."

Hakuna aliyecheka, lakini mtu mmoja alivua shati. Halafu mwingine. Wanawake wakakanyaga udongo, wanaume wakang'oa. Mawaziri wakalazwa chini kwa kuwa ni wapana. Manaibu wakapanda juu yao. Balozi akajaza pengo. Kila jina liligeuzwa nje, si kwa heshima, bali kwa sababu upande wa pili ulikuwa laini zaidi kwa ndani. Jiwe la mke wa Waziri, la umbo la moyo, halikukaa popote, wakaliweka kando ya pipa la maji liwe la kusugulia miguu. Mwishowe wakaupandisha mwamba wa Mtukufu kwa kamba na magogo, wakaulaza juu ya mlango kama linta. Juu ya kuta zote wakatandaza turubai. Na mlango wa mninga, baada ya kumshusha aliyekuwa juu yake, ukarudi kwenye kazi yake.

Mzee Chilumba akaingizwa nyumbani. Akaoshwa ndani, akavikwa sanda ndani, na kabla ya alasiri akatolewa mlangoni, mabegani mwa watu, kama binadamu. Yule mwanamke wa harusi alimshika Bi Mwasiti kiuno, wakalia pamoja. Usiku ule matanga yalikaa humo. Na Bi Mwasiti, kwa mara ya kwanza tangu siku ya jembe, akafunga kwa ndani.

*

Greda lilikuja na Mkurugenzi, Mwenyekiti na mgambo. Mashtaka yalisomwa: kuiba msingi wa maendeleo, kujenga bila kibali kwenye mradi wa ujenzi, na, hili lilisomwa kwa sauti ya kutetemeka, kusugua miguu kwa moyo wa mke wa kiongozi.

"Vunja," Daktari Daktari akamwambia dereva wa greda.

Dereva akainama, akaangalia juu ya mlango. "Pale pameandikwa nini?"

"Unajua pameandikwa nini."

"Nisomee, mkubwa. Macho yangu mabovu."

Daktari Daktari akasoma. Ilibidi asome yote, maana sheria hairuhusu jina lile kutajwa nusu. Mgambo wakasimama wima wakapiga saluti, kwa kuwa sheria ndivyo inavyotaka, na cheo kilikuwa kirefu, mikono ikachoka.

"Ukuta ukiguswa, linta inaanguka," akasema dereva. "Ikianguka inapasuka. Sasa mkubwa, niandikie hapa kwenye karatasi: 'Pasua jina hilo.' Tia saini. Mimi nawasha."

Daktari Daktari akakumbuka kwamba mwenye mamlaka ni Mwenyekiti. Mwenyekiti akakumbuka kwamba alianza likizo asubuhi ile. Mkuu wa mgambo akakumbuka kwamba hajui kuandika, na alikuwa ameficha jambo hilo tangu aajiriwe, lakini leo alilitangaza kwa fahari. Greda likazimwa. Dereva akaomba maji ya kunywa, Bi Mwasiti akampa, na sahani ya wali wa matanga juu yake.

Ikawa ndiyo nyumba pekee katika mji mzima ambayo serikali haiwezi kuivunja. Na nyumba kama hiyo, katika nchi kama ile, haikosi mpenzi.

Jumatatu Kassian Kapalata alikuja. Bila gari. Akaketi juu ya kinu.

"Mama, nimekuokoa. Nimepigana kikaoni. Nyumba haivunjwi."

Bi Mwasiti akamtazama, na kwa kitambo kidogo, tusimfiche, moyo ulimrudi.

"Halmashauri imeipokea," akaendelea. "Ndiyo nyumba ya kwanza ya mradi kukamilika. Inazinduliwa Alhamisi, kwa bajeti ya chini kabisa katika historia, tumepongezwa kwa simu. Wewe utapika."

"Na nani atakaa?"

"Kuna utaratibu. Mnufaika sharti awe na hati ya mshahara. Na awe hajawahi kupokea ufunguo. Wewe, mama, umepokea funguo kuliko mtu yeyote nchini. Picha zipo."

"Kasi. Nani atakaa?"

Diwani akainua macho hadi juu ya mlango, akayashusha. "Mtu mwenye wadhifa ana maadui, mama. Viwanja vyangu vyote vina migogoro. Hapa greda haliji. Itakuwa kwa muda tu."

Sufuria ilikuwa inatokota pale nje, hakuna aliyeigeukia.

"Ulipokuwa unalala jikoni kwangu," akasema Bi Mwasiti, "mlango ulikuwa ukifungwa upande gani?"

"Kwa ndani, mama."

"Na wewe ulikuwa upande gani?"

"Ndani."

"Haya."

Akainuka, akaingia, akafunga. Diwani akabaki nje na sufuria.

Hakuondoka mara moja. Alizungumza na mlango, kwa sauti ya upole aliyojifunza kwenye semina. "Mama, haina paa. Lile turubai ni la halmashauri na Alhamisi lina kazi. Sheria ndogo inasema jengo lisilo na paa si makazi, ni vifaa vya ujenzi, na vifaa vya ujenzi vilivyo kwenye mradi ni mali ya mradi. Ukiwemo ndani, unahesabiwa umeingia stoo. Lingekuwa na paa la bati na mtu ndani, hapo hata mimi ningeshindwa, ningehitaji hukumu ya mahakama. Lakini halina. Fikiria, mama."

Ndani komeo likakazwa.

*

Leo ni Jumanne. Asubuhi mgambo wamekuja wamekunja turubai. Bi Mwasiti amekaa ndani ya kuta za mawe, juu yake mbingu, na mbingu imenuna. Watu wa bandani wamekuja na walichonacho: gunia, kanga mbili, kipande cha nailoni. Haviitwi paa. Afisa amepita, amevitazama, amesema ni nguo.

Mabati yao yako wapi unajua, nimekwambia, yanawasitiri kuku.

Lakini wewe unayo. Usitazame pembeni. Lipo bati uliloliegemeza nyuma ya choo tangu mwaka juzi, unasema utalipatia kazi. Na fulana ya lile jiwe la Waziri unayo vile vile, unapigia deki, na pilau ya siku ile uliila, ukaomba ukoko. Mikono iliyokupakulia ndiyo hiyo imeshikilia komeo kwa ndani. Usiseme hukumjua. Ulipokuwa unapiga makofi alipopewa ufunguo wa mbao, ulimjua.

Usiniambie utaanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Usiseme ngoja usikie wengine wanasemaje; wengine wanangoja kusikia unasemaje wewe. Bati moja halizuii mvua, ndiyo. Mengine yako nyuma ya vyoo vya jirani zako, gonga milango ukipita. Misumari utaikuta pale, wameinyoosha.

Litoe hilo bati. Lifunge juu ya gari, au lijitwike. Ukifika kwenye tangazo la sabuni, geuza uso upande wa pili, shusha kioo, mwambie dereva asimame.

Shuka.